UZI: Kebo unayochomea mwenyewe haifi kwenye risasi, inafia pembeni ya risasi

#1 mwisho_wa_reli

Wakuu kwema? Leo nishuke na jambo ambalo limenila hela na aibu muda mrefu. Naona vijana wengi wameanza kujitengenezea kebo za maiki na gitaa na kila siku ni picha za "cheki risasi ilivyong'aa" (risasi ya kuchomea waya), na kweli inang'aa sikatai, ila ukikutana na kebo hiyohiyo miezi mitatu mbele inakoroma kama mzee aliyeshiba ugali na migebuka.

Mi nipo Kigoma, Mwanga, nahudumia kebo za kwaya mbili na bendi moja ya maharusi. Mwaka juzi tulikuwa na harusi Ujiji, kila kitu kimekaa sawa, bibi harusi anaingia, kinanda kikaanza kukata na kurudi, krr krr, spika zinalia kama mtu anarusha kokoto juu ya bati. Mpiga kinanda akaniangalia, MC akaniangalia, nikaona hadi wapishi wamesimama kuniangalia, maana kebo ile niliitengeneza kwa mkono wangu na nilikuwa nimeshajisifu kwa kila mtu. Nikainama nikaishika pale inapoingia kwenye jeki, nikaikunja kidogo kuelekea kushoto, sauti ikarudi. Nikiachia inakata. Basi nikapiga goti nyuma ya kinanda na suti yangu ya kuazima nikawa nimeshika jeki mpaka keki imekatwa.

Usiku nikafungua ile jeki nikitegemea kuona risasi imeachia. Haikuachia. Risasi ilikuwa nzima, inang'aa vilevile kama siku ya kwanza. Nikachukua wembe nikachana ganda taratibu kurudi nyuma, na kama milimita tatu kutoka kwenye risasi nikakuta nyuzi zote zimekatika mstari mmoja kana kwamba kuna mtu kapitisha mkasi, zimebaki mbili tu. Hizo mbili ndio zilikuwa zinapiga kinanda harusi nzima.

Sasa kwa nini pale na sio kwenye risasi? Risasi ikiyeyuka inapanda katikati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo unapata kipande cha waya kilichokuwa kijiti kigumu, halafu ghafla mbele yake waya laini. Ukikunja kebo kijiti hakikubali kukunjika, basi mkunjo wote unaenda kukaa pale mpakani, siku zote palepale. Na shaba ina tabia hii, kila ukiikunja inazidi kuwa ngumu, ikishakuwa ngumu inaanza kupasuka. Jaribu na waya mmoja wa shaba hapo ulipo, kunja na kunjua sehemu ileile, hauhitaji nguvu, inakatika yenyewe mkononi.

Na kinachokudanganya ni kwamba umeme wa maiki au kinanda ni mdogo mno, uzi mmoja wa shaba unautosha. Kebo inaweza kuwa imebakiza nyuzi mbili kati ya ishirini na bado inaimba vizuri kabisa, ukipima na mita inapiga tiii, unaifunga unaenda nayo ukumbini. Siku uzi wa mwisho unapoachia ndio unajua.

Kwa hiyo siku hizi kazi yangu kubwa sio risasi. Kazi yangu ni kuhakikisha mvuto unashikwa na GANDA la kebo na sio waya wa ndani, na kwamba ugumu unapungua pole pole kutoka kwenye jeki kwenda nje, usikatike ghafla. Karibuni tujadili, na wenye kebo zilizokufa leteni habari zao.

#2 jeki_bovu

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Ila mkuu picha ya wewe umepiga goti nyuma ya kinanda ndio tunaihitaji kwanza 😂

#3 fundi_asiye_na_duka

Mi nimetengeneza redio toka enzi za kaseti, hayo mambo ya mkunjo sijui nini mnayakuza tu. Dawa yake ni moja, ukimaliza kuchomea mwaga supaglu ndani ya jeki, inashika kila kitu, hakuna kitakachosogea humo. Ukiona haitoshi tumia ile gundi ya kuchanganya mbili. Nimefanya hivyo miaka yote.

#4 mwisho_wa_reli

Mzee wangu shikamoo kwanza. Pili naomba nikupinge kwa heshima zote. Supaglu ni nyepesi kama maji, ukiimwaga inaingia kati ya nyuzi na kupanda ndani ya waya kuliko hata risasi inavyopanda, ikikauka umepata kijiti kilekile ila kirefu zaidi. Hujaondoa mpaka wa ugumu, umeuhamisha tu mbele, na pengine umeuhamishia nje ya jeki ambako kebo ndio inakunjwa sana. Hiyo ya kuchanganya mbili inashika kweli, ila siku waya ukikatika jeki nzima unaitupa kwa sababu haifunguki tena.

Gundi ya moto, ile ya vijiti, sina ugomvi nayo sana kwa jeki za bei ndogo, mradi ishike ganda na sio nyaya tupu. Ila ukiacha kebo kwenye gari juani inalegea.

#5 fundi_asiye_na_duka

Marahaba. Wateja wangu hawajalalamika.

#6 jeki_bovu

Hawajalalamika au hawajarudi mzee? Maana hayo ni mambo mawili

#7 mwalo_wa_kibirizi

Mi sio mtu wa muziki, ni mtu wa mitumbwi hapa Kibirizi ila nimesoma hadi mwisho maana hiki mnachokiongea sisi tunakijua kwenye kamba. Kamba ya nanga haikatiki katikati hata siku moja, inakatikia pale inapopita ukingoni mwa boti, au inakatikia penye fundo. Ndio maana pale ukingoni tunaivesha kipande cha mpira wa bomba, sio kwamba mpira una nguvu ya kushika nanga, mpira unafanya kamba isikunjike kwenye kona kali. Nyie hamna cha kuvalisha?

#8 mwisho_wa_reli

Mkuu umeongea kitu ambacho mi nimekitafuta maneno mwaka mzima 🙌 ndio hichohicho.

Ule mkia wa mpira unaouona nyuma ya jeki nzuri, na zile springi kwenye jeki za zamani, kazi yake ndio hiyo ya mpira wako wa bomba. Unalazimisha kebo ikunjike kwa duara kubwa badala ya kona. Kanuni ambayo watu wanaitumia ni kwamba kebo inayokunjwa kunjwa, nusu kipenyo cha duara lake kisiwe kidogo kuliko mara kumi ya unene wa kebo, kwa hiyo kebo ya milimita 6 isikunjwe kwenye duara lenye nusu kipenyo cha chini ya sentimita 6. Sasa angalia kebo ya gitaa la besi inavyoning'inia kutoka kwenye gitaa, inashuka kwa kona kama kiwiko.

Kama jeki haina mkia unajitengenezea. Nachukua ule mpira mweusi wa kubana kwa moto, nakata vipande viwili, kimoja sentimita 5 kingine sentimita 3. Kirefu kinavaa ganda kwanza nakibana, kifupi kinakuja juu yake, vyote vinaanzia ndani kabisa pale jeki inapobana. Ukikunja unaona mwenyewe, karibu na jeki pagumu, mbele kidogo pagumu kiasi, halafu kebo ya kawaida. Hakuna mpaka wa ghafla. Kiberiti cha gesi kipitishe kwa mbali unakizungusha, ukikikaribisha mpira utabana sawa ila plastiki ya nyaya za ndani nayo itayeyuka zigusane, halafu utaanza kulaumu jeki.

Halafu kuna kosa ambalo nalitubu hadharani. Mpira na kifuniko cha jeki vinatakiwa KUVAA KEBO KABLA hujachomea. Nimeshachomea pini tatu safi kabisa nikageuka nikaona kifuniko kiko mezani kinaniangalia. Nikabandua nikaanza upya. Wiki ileile nikarudia tena.

#9 jeki_bovu

Hilo la kifuniko usijione peke yako, mi nimefikia hatua ya kukivaa kidoleni kama pete ili nisisahau na bado nilisahau

#10 mama_kwaya

Hamjambo wanangu. Mimi ni mlezi wa kwaya, vifaa vyote vya sauti vinalala kwangu. Naomba niulize kwa lugha ya kawaida maana hayo ya kuchomea siyajui. Kila baada ya miezi minne tunanunua kebo mpya za maiki, fundi anasema mbovu, na vijana wangu wakimaliza ibada wanazikunja kwa kuzizungusha kiganjani na kwenye kiwiko. Je tatizo linaweza kuwa hapo au ni kebo zenyewe?

#11 mwisho_wa_reli

Shikamoo mama. Vyote viwili, ila nianze na kiwiko kwa sababu hicho hakina gharama kukiacha.

Ukizungusha kebo kiganjani na kwenye kiwiko, kila mzunguko unaisokota kebo mara moja upande uleule. Mizunguko ishirini, misokoto ishirini. Ile nyavu ya shaba inayozunguka nyaya za ndani inasogea na kuvutana, ndani kuna nyuzi zinaanza kupasuka kabla jeki haijaguswa. Ndio maana kebo zao zikitandazwa zinajikunja zenyewe kama nyoka aliyekanyagwa. Waambie wakunje kwa duara la mkononi tu, kubwa kama sahani, mzunguko mmoja wa kawaida, unaofuata wanageuza kiganja ili kebo ipite chini ya mzunguko, halafu wa kawaida, halafu wa chini. Msokoto wa kwanza unafutwa na wa pili. Kebo iliyokunjwa hivyo ukishika ncha moja ukairusha inafunguka yote imelala chini.

Na muwaambie pia maiki haitolewi kwa kuvuta kebo. Kuna kitufe pale.

#12 mama_kwaya

Marahaba. Jumapili nitawasimamia. Hicho kitufe sijawahi kumwona mtu anakibonyeza.

#13 MwanaUnyanyembe

Salamu kutoka Tabora. Mi nafunga vipaza sauti vya mikutano na nimejifunza kwa maumivu kwamba kuna kitu kabla ya hayo yote, nacho ni waya wenyewe umetengenezwa na nini. Nilinunua roli zima la kebo ya maiki kwenye duka moja, bei nzuri, rangi nzuri, limeandikwa shaba halisi. Nikalibeba begani nikajiuliza mbona jepesi hivi ila nikajipa moyo. Kuchomea, risasi haishiki vizuri, inaviringika kama maji juu ya jani la mhindi. Nikachukua wembe nikakwangua uzi mmoja, nje wekundu ndani mweupe. Alumini imepakwa shaba juu!

Alumini inachoka upesi ukiikunja kuliko shaba, na umeme inaupitisha kama asilimia 61 ya shaba ya unene uleule. Kwa hiyo hata ufunge kibano cha dhahabu, kama ndani ni alumini unapoteza muda. Wengine wanaweka hadi chuma, hiyo pitisha sumaku utaiona inanasa.

Kingine ni jua. Kebo tunazipitisha kwenye miembe, zinakaa huko siku tatu nne za mkutano, ganda linakauka linakuwa kama bomba la plastiki. Ganda likishakauka hakuna jeki inayoweza kulishika vizuri, linateleza au linapasuka.

#14 mwisho_wa_reli

Pole sana mwana Tabora. Mtihani wa wembe kila mtu aufanye dukani kabla hajalipa, muuzaji akikataa jibu unalo.

Niongezee hapohapo kwenye ndani ya kebo. Ukichana utakuta ile ya nje, tunayoiita eathi, iko ya aina tatu. Kuna iliyosukwa kama mkeka, ngumu kuifumua ila inavumilia kukunjwa. Kuna nyuzi zilizozungushwa tu upande mmoja, fundi anaipenda kwa sababu inafumuka upesi, ni laini, ila ukikunja sana inaachia mianya. Na kuna karatasi nyembamba ya alumini yenye waya mmoja kando, hiyo ni ya kupita ukutani ikalala isisumbuliwe, ukiifanya kebo ya maiki ya kutembea nayo jukwaani inachanika humo ndani.

#15 kijana_wa_gungu

Brazaa mi naanza tu, nina jeki za XLR (zile za maiki, za pini tatu) mbili na za gitaa mbili. Naomba unielekeze hicho kibano cha kushika ganda kinafungwaje maana mi nilikuwa najua ni kuchomea tu ukafunga kifuniko. Na nyaya za ndani niache ndefu kiasi gani?

#16 mwisho_wa_reli

Kijana wa Gungu karibu. Fungua jeki zako uangalie ni za aina gani.

Jeki za Neutrik, hawa ni wa Liechtenstein, nchi ndogo kule Ulaya, ile XLR yao ina kipande cha plastiki chenye taya, kinavaa ganda, halafu ukikaza kifuniko cha nyuma taya zinajibana zenyewe kuzunguka ganda. Imetengenezwa kwa kebo za unene wa milimita 3.5 hadi 8. Ukimaliza kukaza, vuta. Ganda lisisogee hata kidogo. Nilivyofungua moja iliyofanya kazi miaka nikakuta alama za taya zimechorwa kwenye ganda kama meno kwenye muwa, hapo ndio pameshika kweli.

Jeki nyingi za bei yetu hazina hayo, zina mkia wa bati wenye masikio mawili unayakunja na plaizi. Makosa mawili nayaona kila siku. La kwanza mtu amemenya ganda mbali mno, masikio yanabana nyaya za ndani badala ya ganda, hapo mvuto wote unaenda kwenye risasi na siku moja yale masikio yatatoboa plastiki yaguse waya. La pili kebo nyembamba, masikio hayafiki, mtu anafunga hivyohivyo inacheza ndani. Hapo vesha ganda mpira wa kubana tabaka moja au mbili linenepe, ndio ubane. Usibane kama unaua mtu, bana mpaka ganda likatae kuteleza basi.

Nyaya za ndani ziache na ulegevu kidogo, ziwe na kajimkunjo humo ndani, ili hata ganda likiteleza milimita moja zenyewe zisivutwe. Na eathi ndio iwe ndefu kuliko wenzake, ibaki ya mwisho kukatika. Kwenye jeki ya gitaa eathi ikitangulia kukatika spika zinaunguruma kiasi cha kutimua watu, na maiki zile zinazohitaji volti 48 kutoka kwenye miksa zikikosa pini namba 1, ambayo ndio ya eathi, hazipati umeme.

Kuchomea kwenyewe haraka. Risasi ya 63 kwa 37 (bati 63, ledi 37) inayeyuka nyuzi joto 183 na inaganda palepale, kwa anayeanza ni rahisi kuliko zile nyingine. Pasi ya kuchomea iwe ya moto wa kutosha, uguse, risasi itiririke, utoe. Ukikaa na pasi sekunde kumi ndio risasi inapata muda wa kupanda mbali ndani ya waya. Na ile dawa ya maji ya mafundi bati usiiguse, ina asidi, waya utaota kutu ya kijani ndani kwa ndani, na huku kwetu na unyevu wa ziwa ndio kabisa.

#17 jeki_bovu

Na kufunga fundo ndani kabla ya kutoka nje? Kuna fundi anafanya hivyo kwenye holda za taa na hazing'oki

#18 mwisho_wa_reli

Kwenye holda ya taa fundo linafaa, nyaya ni mbili nyembamba, tundu dogo, fundo linagota. Kebo ya maiki ukiifunga fundo umeikunja kona kali kwa makusudi, halafu muulize mwalo_wa_kibirizi kamba inakatikia wapi.

#19 mwalo_wa_kibirizi

Penye fundo 😄 fundi wa fundo

#20 MwanaUnyanyembe

Za spika msisahau, zile plagi za Speakon na za kukaza kwa skrubu, waya USIUPAKE RISASI kabla ya kukaza. Risasi ni laini, ikibanwa inasinyaa taratibu, baada ya wiki skrubu imelegea. Na spika sio maiki, huko umeme ni mkubwa, nyuzi chache zilizobaki zinapata moto. Nimeshika moja ikaniunguza kidole.

#21 binti_katubuka

Samahani naweza kuuliza ya earphone za simu? Zangu zinakufa upande mmoja kila mara, nikizungusha waya pale kwenye plagi zinarudi

#22 mwisho_wa_reli

Dada ugonjwa ni uleule. Ukichana waya wa earphone utakuta nyuzi za rangirangi zimepakwa vanishi, bila kuichoma hiyo vanishi risasi haishiki, ndio maana wengi wanashindwa. Halafu katikati kuna nyuzi nyeupe za nailoni, mafundi wengi wanazikata wakidhani uchafu. Hizo ndio zenye nguvu humo ndani! Zifunge kwenye mwili wa plagi na uzibane, mvuto uende kwa nailoni, shaba ipumzike. Na usizungushie simu waya ukiwa umechomekwa.

#23 kijana_wa_gungu

Mkuu nimetengeneza ya kwanza, ya gitaa. Nimevuta haijasogea. Nimeikunja pale kwenye jeki mara 50 huku mita ikilia, haijakata. Mpiga gitaa wetu nimemwambia apitishe kebo kwenye mkanda wa gitaa kwanza ndio aichomeke, kama nilivyowahi kuona wakubwa wanafanya, hiyo nayo inasaidia?

#24 mwisho_wa_reli

Sana, hicho ni kibano cha bure. Akikanyaga kebo mkanda ndio unavutwa. Kwenye stendi ya maiki pia, mzunguko mmoja tu kwenye bomba kabla haijafika kwenye maiki. Hongera kijana.

#25 mama_kwaya

Jumapili wamekunja vizuri, ila mmoja kasema kiwiko ndio alichofundishwa na mwenyekiti wa kwaya. Mwenyekiti alikuwepo. Nimeacha kwanza.

#26 fundi_asiye_na_duka

Sikutaka kurudi hapa ila acha niwe mkweli. Jana nilifungua kebo tatu zangu zilizorudishwa. Ya kwanza imekatikia mwisho wa gundi. Ya pili vilevile, mwisho wa gundi, nyuzi zote mstari mmoja kama ulivyosema. Ya tatu eathi sikuichomea kabisa, ilikuwa imegusana tu na imeshikwa na supaglu.

Hiyo ya tatu msiniulize.